Maili Mia Tatu za Sapatu

Mpendwa Bi Hortense,

Naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, kwa maana mume wangu Normand ameshanicheka mpaka akakohoa. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, niko huku Bondeni, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, na nimejitia kwenye balaa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja shoga yangu Rolande alifiwa na mumewe, akawa hali chakula, hatoki, hata nywele hachani, basi mimi kwa uchungu nikamwambia, "Rolande, tuwekeane ahadi, kila siku saa moja asubuhi tupigiane simu, wewe utembee nje huko kwenu, mimi nitembee kwenye mashine yangu ya mazoezi, maili mbili mbili mpaka barafu iondoke mtoni," naye akakubali. Bi Hortense, nilitembea siku nne. Siku ya tano baridi ilikuwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, nikasema leo tu, nikapokea simu nikiwa ndani ya blanketi, mguu mmoja nje, napiga sapatu sakafuni pa, pa, pa, asikie ninavyokwenda, na tangu siku hiyo ile mashine ni ya kuanikia soksi za Normand.

Mwenzangu yeye ni mwanamke wa shoka. Yuko nje kwenye theluji, lakini sauti imetulia, hahemi hata kidogo, na kila siku kwenye saa moja na robo nasikia mluzi mwembamba huko nyuma yake, nikimwuliza anasema, "Upepo huo, shoga, huku misonobarini unauma kwelikweli," kisha upepo unakatika ghafla naye anaendelea na hadithi zake, mimi huku napiga sapatu na aibu imenijaa.

Sasa unajua siku barafu inapoondoka sisi kina mama wa parokia hutembea kutoka kanisani hadi darajani, maili nne, halafu ndiyo tule ploi, vile vichapati vyetu laini, na siagi. Jumapili Rolande kasimama mbele ya wote akasema, "Mwaka huu atuongoze huyu, katembea maili mia tatu kwa ajili yangu." Wakapiga makofi! Haki ya Mungu nilitamani sakafu inimeze. Bonde zima linaomba barafu iondoke, mimi peke yangu naomba ikae.

Nikaamua kujitengeneza kwa wiki moja. Supu ya kabichi asubuhi, mchana na jioni, kichwa kinazunguka, na nimekuwa mkali mpaka Normand kaniambia, "Mke wangu, rudisha ploi mezani kabla hujanitafuna mimi." Jumanne saa nane mchana, jua linawaka, nikapita ile barabara ya nyuma ya udongo ili nisionekane, nikaanza kukimbia. Sikufika mbali. Tope lilinishika mpaka magotini, nikakaa humo nusu saa hadi jirani yetu Armand akatokea na trekta lake la viazi, akazima injini, akanitazama, akasema, "Dada, mwaka huu tunapanda viazi au tunapanda wanawake?" Alinivuta nikatoka, buti la kushoto likabaki.

Je, niseme nimeteguka mguu? Au nimwambie Rolande ukweli? Yule kazika mume, na mimi ndiye niliyebaki wa kuaminiwa naye. Akinichukia sitajua la kufanya na asubuhi zangu.

Ni mimi,
Mtembezi wa Sapatu

*

Mtembezi wa Sapatu,

Jina umelificha, buti umeliacha barabarani. Pole, lakini nimecheka, tena sana.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yako haikufika hata jikoni! Na ole wako ukiongeza uongo wa mguu juu ya uongo wa sapatu.

Tuanze na mwili. Nani kakudanganya kwamba miezi mitano ya blanketi inafutwa kwa wiki moja ya kabichi? Mwili uliotoka kwenye baridi unabembelezwa. Mimi mwenyewe suruali zangu zimenigomea mwezi mzima, wala sijazipigia kelele. Kula, mama. Mayai, ploi mbili, na vile vichipukizi vya kangaga vikianza kutoka kando ya mto, uvichemshe vizuri, visiwe vibichi. Asubuhi kaa kwenye ngazi za mlango wako na kikombe cha kahawa, uso juani, dakika kumi tu. Nyoosha magoti kabla ya kusimama. Fungua madirisha, hiyo harufu ya soksi za Normand itoke. Kisha tembea mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, kesho kutwa mpaka kwenye banda la Armand. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, nenda kwa daktari, usiniandikie mimi.

Na wewe mzaliwa wa Bondeni, msimu wa tope, unaingia barabara ya udongo saa nane mchana? Mtoto wa miaka sita anajua udongo huu unapitiwa alfajiri, ukiwa bado umeganda. Umenitia aibu.

Sasa Rolande. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nina swali moja. Ni upepo gani huo unaopiga mluzi saa moja na robo kila siku, halafu unanyamaza ghafla kama mtu kauondoa jikoni? Mwanamke anatembea maili mbili kwenye theluji, hahemi? Ebo! Shoga yako alikuwa ndani anachemsha chai, kwenye birika lile linalopiga mluzi.

Usikasirike, maana huna haki hiyo. Hebu jiulize: mjane asiyechana nywele aliamka kila asubuhi, miezi mitano, hakukosa hata siku moja. Aliamkia nini kama si sauti yako? Wewe nawe uliamkia nini? Nyote wawili mmedanganyana kila siku, na hakuna aliyeacha simu ilie bila kupokelewa. Hiyo ndiyo ahadi mliyoitimiza, na mimi machozi yalinitoka.

Basi kesho saa moja mpigie. Usishike sapatu. Mwambie ukweli kabla birika lake halijalia, halafu nyamaza, umwache naye aseme lake. Kuongoza utaongoza, ila muwe wawili mbele, mwendo wa kupiga soga, na anayetaka kukimbia akimbie peke yake.

Mkimaliza kucheka, mwambie Rolande avae viatu mkutane barabara ya nyuma. Buti lako nimesikia Armand kalitundika kwenye uzio. Kalichukueni pamoja, mapema, tope likiwa bado gumu.

Bi Hortense