Taa Niliyokataa Iwashwe

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, na hapa nyumbani Kambi Muru ni kama hakujapambazuka. Mama haniongeleshi.

Acha niandike kabla hasira haijapoa. Jana niliharibu sherehe ya chama cha Mama, na hata leo ningeiharibu tena.

Kazi yangu ni kupamba sherehe. Naning'iniza ile taa ya zambarau inayofanya nguo nyeupe zing'ae gizani, naziba madirisha kwa blanketi, na saa nane mchana sebule inageuka klabu. Akina mama wa chama wanaipenda kufa. Wiki nzima walikuwa wakifua magauni yao meupe kwa sabuni ya unga na kuyaanika bila kuyasuuza vizuri, kwa sababu sabuni ikibaki kwenye kitambaa ndipo gauni linawaka. Wanacheza huku wanajikuna. Hawajali.

Kuna wanaosema taa yangu ni ya shetani. Waseme. Kioo chake ni cheusi, naiweka juu mbali na watu, simruhusu mtu aikodolee macho, na wakimaliza kucheza naizima. Haijawahi kumuumiza yeyote.

Shida ilianza taa hiyo ilipoungua. Shemeji Wafula, mume wa dada yangu, alienda Kongo, kule Kawangware, kwa wauza vyuma kuukuu, akarudi na nyingine ya kioo kisicho na rangi. Ilitolewa kwenye mashine ya kuua viini. Iliingia kwenye fremu yetu sawasawa.

"Hii pia ni ultraviolet, miale kama ya ile yako, na ni ya hosi, hospitali kabisa," akaniambia. "Hii ndio moto sasa."

Alhamisi niliiwasha kuijaribu, nikakaa chini yake nikikata mapambo. Sikuhisi kitu. Saa kadhaa baadaye macho yakaanza kuniuma kana kwamba nimemwagiwa mchanga, na shingo ikachomeka. Nililia hadi asubuhi. Daktari wa kliniki aliniuliza kama nilikuwa karibu na mtu anayechomelea vyuma. Nilipomweleza habari ya taa, akasema taa ya kuua viini huwashwa chumbani kukiwa hakuna mtu. Inachoma ngozi na macho.

Nikamwambia Wafula. Akasema ni moshi wa jiko. Nikamwambia Mama. Akasema wageni wameshaalikwa.

Jana nilikuta Wafula amenitangulia. Ile taa ilikuwa inaning'inia juu ya viti, naye ameshika plagi. Mama alikuwa amesimama chini yake na gauni lake jeupe, anacheka na wenzake. Mama ni fundi wa cherehani. Macho yake ndiyo yaliyotulisha na kutusomesha.

Nikapanda kiti nikaichomoa.

"Wewe msichana, unaniaibisha mbele ya watu!" Mama akafoka.

"Pole, Mama. Hii haitawaka hapa."

"Wacha ujuaji," Wafula akadakia. "Si ni taa tu?"

Niliifunga kwa leso nikatoka nayo. Wakacheza na balbu ya kawaida, sabuni ikiwawasha bure. Nasikia nimeshapewa jina, Mama Giza. Poa tu.

Taa iko chini ya kitanda changu. Siivunji, ndani ina sumu. Simrudishii mtu pia. Wafula akiitaka, aje tukabane hapa mlangoni.

Asubuhi Mama aliketi kwenye cherehani na nguo ya mteja, hata salamu hakunipa. Nilimtazama nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia. Akakata uzi, akaulamba ncha, akautia kwenye tundu la sindano mara moja, bila kumwita mtu amsaidie.

Aninunie tu. Aninunie mwaka mzima, bora awe ananiona.