Baba Mkwe Ameikataa Kofia Niliyoifufua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimebaki na kofia mkononi na aibu usoni, na harusi ya binti yangu ndiyo hiyo inabisha hodi.

Mimi ni dobi, nina duka langu la kufua na kupiga pasi, na kule nyuma, ambapo wenzangu wangeweka kochi la kujinyooshea, mimi nimepanga kofia za felti za zamani, zile nzito za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa walizovaa wazee na suti, nazitafuta minadani, nyingine naletewa zimeshakaliwa na watu wanene zikawa bapa kama sahani, nami nazifukiza mvuke wa birika, nazipiga brashi, naziba matundu ya nondo kwa vinyoya ninavyokwangua kwenye kofia hiyohiyo, chini ya mkanda wa ngozi wa ndani ambapo jicho la mtu halifiki, na mume wangu ameshazoea, anasema afadhali kofia kuliko umbea.

Sasa baba mkwe wangu alikuwa karani wa posta, na mtaa mzima unamwita Mzee Salamu kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake asiinuliwe kofia, mkubwa kwa mdogo, hata mbwa wa jirani aliwahi kuinuliwa nikiona kwa macho yangu, na katika kila shughuli ya familia yetu yeye ndiye anayesimama mlangoni kupokea wageni, ila mwaka jana kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia ukalala, na tangu siku hiyo hajatoka nje ya geti, na kofia yake ya kijivu ikatupwa stoo chini ya ndoo za rangi mpaka wifi yangu, dada wa mume wangu, akaiweka kwenye takataka, nami nikaiokoa pipani bila kumwambia mtu.

Mshauri, ile kofia niliihangaikia! Nilitoa mafuta, nilitoa madoa ya rangi, nikabadilisha utepe, nikaikaza kwa dawa, kisha nikachukua picha yake ya zamani ya ukutani nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, hata yale mabonyeo ya vidole vyake, gumba mbele na vidole vitatu ubavuni upande wa kulia, kwa sababu sisi wakusanyaji tuna sheria moja, kofia unairudisha ilivyokuwa, huongezi la kwako, na siwezi kuficha, nilipomaliza nilicheza peke yangu mle dukani.

Nikampelekea. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, macho yakamjaa machozi, akavaa, akajaribu kuiinua, ikamteleza ikaanguka sakafuni, naye akaitazama pale chini, akasema, "Asante mwanangu. Imependeza sana. Sasa mrudishie mwenyewe." Mwenyewe nani, mshauri, na mwenyewe si yeye? Wifi akadakia hapohapo, "Si nilisema? Mnamsumbua mgonjwa na matakataka. Siku ya harusi abaki nyumbani, mimi nitamtafutia mtu wa kukaa naye." Na mzee akaitikia kwa kichwa! Binti yangu analia, anasema asipomkuta babu mlangoni na yeye haingii ukumbini. Nimemkosea nini baba yangu huyu? Kofia siyo yake? Au nimtafutie nyingine mpya?

Ni mimi,
Dobi wa Kofia

MSHAURI ANAJIBU

Dobi, kwanza pole, na pili hongera, maana kuiokoa kofia ya mtu pipani na kuirudishia heshima yake si kazi ndogo. Mimi kofia ninayoijua vizuri ni ile ya kuogea, lakini kusoma najua, na barua yako nimeisoma mpaka nimeichosha.

Umenieleza habari za mvuke, za nondo, za utepe na za sungura. Mkono wa baba mkwe wako umeutaja ukipita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hebu dada, kaa chini. Huyo mzee alikuwa akiinua kofia kwa mkono gani? Na mkono uliolala ni upi? Umekaa na picha ya ukutani ukaitengeneza kofia ya mtu aliye ukutani, tena kwa ustadi wa kutisha, na aliyekuwa mbele yako akiipokea kwa mkono wa kushoto hukumwona. Yeye alijua. Alipokwambia umrudishie mwenyewe, alimaanisha yule wa kwenye picha.

Nimekasirika kidogo, na nitapoa sasa hivi. Kukosea kwako ni kwa mtu anayependa sana kitu mpaka anakiona peke yake. Ila usithubutu kununua kofia mpya. Na hiyo sheria yenu iacheni kabatini na kofia zisizo na vichwa. Hii ina kichwa, na kichwa chenyewe kinaalikwa harusini.

Sasa fanya hivi. Nenda dukani kwako, simama mbele ya kioo, vaa kofia ile, mkono wa kulia uufunge mgongoni kwa kanga, kisha uinue kwa mkono wa kushoto. Utaelewa mwenyewe kwa nini ilianguka. Ukishaelewa, beba birika uende kwa mzee. Ipige mvuke mpaka ile dawa iachie na felti ilainike, mvalishe ikiwa bado vuguvugu, kisha rudisha mikono yako mfukoni. Narudia, mfukoni! Abonyeze yeye, kwa vidole vyake, kwa mkono wake ulio hai, mahali anapopataka. Kikitoka kibaya, kibaya hichohicho.

Na wifi yako usigombane naye. Mtu anayemfungia mgonjwa ndani mara nyingi anaogopa kumwona akidondosha kitu mbele za watu. Mpe kazi ya kushika birika. Aliyeshika birika hana nafasi ya kusema matakataka.

Binti mwambie afute machozi, babu yake anafanya mazoezi. Na wewe ukimaliza niandikie, maana mimi pia nimeshaingia kwenye harusi hii bila kadi.

BARUA YA PILI YA DOBI

Mpendwa mshauri, leo sikuletei shida, nakuletea vigelegele.

Nilifunga mkono kama ulivyosema, kofia ikaniponyoka na kuangukia beseni la sabuni, nikajiona mjinga wa mwisho. Nikaenda kwa baba na birika, wifi akalishika huku amenuna, tukamvalisha felti ikiwa laini, nami nikatia mikono mfukoni, na ilikuwa kazi, mshauri, maana vidole vyangu vilikuwa vinawasha. Baba alibonyeza, akapapasa, akabonyeza tena, akatoa bonde moja lililokwenda upande, halina mbele wala nyuma. Ilipopoa akainua. Haikuteleza. Akamwinulia wifi, "Hujambo binti yangu?" na wifi akamwaga maji ya moto kwenye zulia, akalia mpaka mimi ndiye niliyembembeleza. Kumbe siku ile ya kiharusi wao wawili walikuwa mezani na kikombe kilimdondoka baba mkononi, na tangu hapo wifi hakutaka mtu mwingine auone mkono ule.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Alisalimia kabati, alisalimia saa ya ukutani, alisalimia jokofu kila lilipofunguliwa. Siku ya harusi alisimama mlangoni, wifi nyuma yake na kiti ambacho hakukikalia, na kila mgeni aliinuliwa kofia, hata waliotoka nje kupiga simu waliporudi waliinuliwa upya. Binti yangu alipofika aliinuliwa kofia juu kabisa, mkono umenyooka, na ukumbi mzima ukapiga kelele mpaka mpiga picha akasahau kazi yake.

Nilikuwa nimemwalika mwenyekiti wetu wa wakusanyaji, mtu mgumu wa sheria. Alisimama mlangoni akaikodolea macho ile kofia, akaninong'oneza kwa uchungu, "Mama, kofia nzuri hivi, nani ameiharibu?"

Baba akamsikia. Akainua kofia yake kwa mkono wa kushoto, akatabasamu, akasema, "Mwenyewe."