Kufuli ya Zamani na Video ya Mazishi Yako

Mutwiri, ndugu yangu niliyenyonya nawe ziwa moja,

Huko uliko sijui kama kuna kompyuta, lakini kama zipo, najua umeshazipata na kasoro. Hapa Majengo mimi ni yule yule, kaka yako mwenye saiba ya kompyuta na intaneti, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, mwenye mdomo. Watu wananiita Boss na mimi naitika. Mtu aliyekula Mombasa, akanywa Kampala na kufukuzwa Juba hawezi kuitikia jina dogo.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka hospitali kusafishwa damu, figo zako zimegoma, uso umekuwa rangi ya majivu, na bado unaingia kile chumba cha nyuma nilichokupa, unaketi kitandani na kompyuta mapajani. Nilikuletea supu ya mifupa. Hukuiangalia hata.

"Unatafuta nini humo?" nikakuuliza. "Mke?"

"Shimo, kaka. Nimepata shimo kwenye kernel."

"Kernel ndiyo nani?"

"Ndiye mwenye ploti wa mashine. Programu ikitaka nafasi ya kukaa, inamwomba yeye chumba. Inapomaliza kazi, inarudisha."

Hapo nikavuta kiti. Shule niliiacha darasa la saba, lakini mambo ya ploti hakuna profesa atanifundisha.

"Unamkumbuka Kaberia?" ukaniuliza.

Ningemsahau vipi! Kaberia alihama, chumba nikampa Mama Zuhura, fundi wa cherehani. Kufuli ilikuwa ile ile, maana ndivyo ploti zote za hapa zinavyokwenda: mpangaji anarudisha ufunguo, na kama alichonga mwingine, shauri yake na Mungu. Jioni moja Kaberia akatoka kunywa, miguu ikampeleka kwake kwa zamani, akafungua, akalala. Mama Zuhura aliporudi alimkuta mwanamume anakoroma juu ya gauni la bibi harusi wa watu. Kelele zake zilifika msikitini.

"Sasa hiyo ndiyo kasoro," ukasema. "Ukichomeka flashi iliyoharibika, ile sehemu ya kernel inayosoma mafaili inachukua chumba, inakirudisha, halafu inasahau kutupa ufunguo. Chumba kinapewa mwingine. Baadaye yule wa kwanza anarudi, anafungua, anaandika mambo yake mle ndani."

"Na huyo mwingine?"

"Analaliwa gauni."

Tulicheka mpaka ukashika mbavu, na sikujua kama ni kicheko au ni maumivu. Siku hiyo ulikunywa supu yote.

Uliwaandikia watunzaji wa huo mfumo, watu wa ng'ambo. Wakakujibu kwa Kiingereza cha kupigwa pasi: kasoro ni ya kweli, lakini haina haraka, kwani ni nani atachomeka kwenye mashine yake flashi ya mtu asiyemjua?

Nilipiga meza. "Hawa hawajawahi kuzika mtu Meru!" Maana wewe na mimi tunajua. Mazishi yakiisha, kwaya, ukoo, majirani, hata waliokuja kwa sababu ya chakula, wote wanapanga foleni saiba na flashi zao kutiliwa video. Flashi imepita kwenye redio ya gari, imefuliwa ndani ya suruali, imeng'atwa na mtoto. Saiba ya kukataa flashi hapa ni bucha ya kukataa nyama.

Wewe hukucheka. Ulisema, "Kaka, hao wataichelewesha. Mimi nataka waifunge nikiona."

"Waandikie tena. Waambie juu yetu."

Ukawaandikia. Ukawaeleza saiba yangu, foleni, flashi. Jibu halikuja ukiwa hai.

Tulikuzika nyumbani Muthara. Mvua ilikataa kunyesha, ikatuheshimu. Mama hakuwepo, unajua, alikuwa amelazwa, nyonga imevunjika, na daktari akakataza kabisa asiguswe. Nilipoenda kumuaga kabla ya mazishi akanishika shati. "Mnipigie video yote," akasema. "Hata udongo ukirudishwa. Nataka nione mtoto wangu akilazwa."

Mpiga video alifanya kazi safi. Akamimina kila kitu kwenye mashine yangu, akafuta kadi yake papo hapo kama wanavyofanya siku zote, akakimbilia harusi Karurumo. Foleni ikajaa mpaka barabarani. Mashine ilionyesha imemaliza, kumbe video ilikuwa bado inaandikwa kwenye diski, na mashine bado ina shimo lako, kwa sababu wale wa ng'ambo walikuwa hawajaleta dawa ya kuliziba. Mama mmoja wa kwaya akanipa flashi yake, imefungwa kwa uzi. Nikachomeka.

Skrini ikaganda, ikawa nyeusi. Ilipowaka tena, video haikuwepo. Fundi alihangaika nayo, akatoa vipande: bega la mtu, mwavuli, wimbo uliokatwa katikati ya neno. Watu wakasema ni stima, umeme umeruka. Wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mimi peke yangu kwenye ile foleni nilijua ni nini. Mpangaji wa zamani alikuwa amerudi na ufunguo wake, akaingia kwenye chumba chako.

Nilienda hospitali mikono mitupu. Nikamwambia Mama yaliyoipata video.

"Basi nisimulie," akasema. "Na usitie chumvi, Gitonga. Leo usitie."

Mimi, Mutwiri! Mimi ambaye nikienda kununua sukari narudi na hadithi ya simba! Nilimsimulia kama ilivyokuwa. Jeneza lilikuwa la rangi gani. Nani alishika kamba. Jinsi udongo ulivyolia ulipoanguka mara ya kwanza. Nilipomaliza akasema, "Nimemwona," akageukia ukuta.

Jibu lako limekuja, ndugu yangu. Ulinipa neno la siri, kwa hiyo barua zako nazisoma mimi. Wameifunga ile kasoro. Wamesema maelezo yako kuhusu saiba ndiyo yaliwafanya waiharakishe, na ndani ya dawa yenyewe wameandika shukrani kwa jina lako. Nilimsomea Mama.

"Sasa video itarudi?"

"Hapana, Mama."

"Basi na wengine waone wa kwao wakilazwa."

Nilitia dawa kwenye mashine zote, halafu nikamwita yule mama wa kwaya na flashi yake ya uzi. Nikachomeka. Mashine ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Haikuganda. Ilisimama wima.

"Imekataa?" akauliza.

"Imekataa," nikasema, na nikalia mbele ya wateja kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Boss mzima.

Chumba chako nimempa mwalimu mmoja, na mlangoni nimeweka kufuli mpya. Siku hizi kila anayehama, naweka mpya. Ufunguo wako wa zamani uko na wewe, kwenye mfuko wa lile koti la bluu tulilokuzika nalo, hakuna aliyekumbuka kuutoa. Kufuli yake sikuitupa. Nimeifunga kwenye mlango wangu mwenyewe. Siku miguu ikikuleta, usibishe hodi.

Lala, mdogo wangu.

Ni mimi, kaka yako