Mwani Uliokwenda Harusini

Alhamisi, 5 Juni 2025

Otieno, bosi wangu, kaingia ofisini akicheka peke yake. Mama Prudensia anakuja Jumanne! Mfanyabiashara wa mji wa Richardson, Mtanzania mwenzangu huku ugenini. Anataka kuona kama kweli mwani unasafisha maji ya samaki. Akiridhika, anaingia ubia nasi. Asiporidhika, Otieno anafunga ghala hili la kufugia samaki hapa Stafford, na karani wake – mimi – naanza ku-apply kazi upya.

"Vicent, wacha kupanic, buda," akasema.

Sija-panic. Nimekunywa maji tu. Chupa mbili.

Na kazi yenyewe ni rahisi kueleza: maji machafu ya samaki yanapita kwenye tangi la mwani, mwani unanyonya uchafu, maji yanarudi safi. Hatumwagi maji! Ndiyo fahari ya Otieno.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya kupunguza mwani uliozidi. Mado, Mkongo wa Uvira anayetunza matangi, kaomba kuubeba. Kuna harusi kanisani kwao.

"Iko majani mazuri, kadogo. Nitatia mawese, nitatia karanga. Weye utalamba vidole."

Nikamjibu kama nilivyolelewa: chukua tu, dada, chukua unaotaka. Kwetu ukiambiwa hivyo unachukua kidogo, unashukuru, unakwenda zako.

Jumapili, 8 Juni

Mado katuma picha. Harusi nzima inakula mwani! Bwana harusi anaongeza sahani, shemeji zake wanagombea ukoko. Nimecheka hadi nikasahau kuogopa.

Kisha nikaitazama picha tena. Masufuria yale – mbona makubwa hivyo?

Jumatatu, 9 Juni

Mungu wangu. Tangi la mwani ni maji matupu! Kwenye kona umebaki wa kujaza kiganja. Samaki wamepanda juu, wanahema kama wazee waliopanda ngazi.

Nikamwuliza Mado, kwa sauti ya chini. Otieno alikuwa kwenye simu.

"Ni weye ulisema nibebe yenye nataka," akasema. "Nilitaka yote."

Hana hata aibu! Kwao neno ni neno.

Otieno alipokwenda kunyolewa, tukamwaga nusu ya maji ya samaki, tukaweka mapya ya chumvi. Samaki wametulia. Mimi bado. Mado akatoka, akarudi na maboksi ya spinachi. Nikamwambia huu ni udanganyifu. Akaniambia hii ni spinachi.

Tukaimwaga tangini.

Jumanne, 10 Juni

Spinachi imelala kwenye chumvi, imelegea, inafanana na mwani kuliko mwani wenyewe. Mama Prudensia kafika. Nilimwamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mbona unatoka jasho na AC hii?"

Akachota maji ya samaki, akanusa. Safi kabisa, akasema! Hamjabadilisha maji?

"Hata tone, Mama," Otieno akasema. "Uliza karani."

Wote wakanigeukia. Nikasema samaki wetu wanaendelea vizuri. Mado akageukia ukuta, mabega yanamcheza.

Mama akaomba mwani kidogo wa kujaribu kwenye tangi lake Richardson. Nikampa kile kiganja cha mwani wa kweli. Samaki wake wamenikosea nini? Akafurahi, akanishika bega, nikajua yamekwisha. Nilikuwa tayari kumfungulia mlango wa gari.

Haondoki! Anasema mwani hausifiwi kwa kuutazama mara moja, unasifiwa kwa kukua. Amechukua hoteli Sugar Land, mji wa jirani. Kesho saa tatu asubuhi anarudi kuona umekua kiasi gani. Otieno akapiga makofi! Akasema, Mama, huu wetu hukua ukiuangalia.

Sasa Mado yuko mlangoni pangu. Anakwenda kununua spinachi nyingine, yenye majani mapana zaidi. Gari lake liko gereji. Nikamwambia hapana. Hapana kabisa! Twende wote wawili kwa Otieno, tuseme ukweli sasa hivi, kabla mambo hayaja –

Kanyoosha mkono tu.

Nimempa ufunguo wa gari langu. Nimemsihi achague iliyozidi upana kidogo tu, kidogo sana. Kwa usiku mmoja mwani haukui hivyo.