Majivu Pangoni

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwenyekiti wa kijiji kapita asubuhi. Keshokutwa anakuja mtafiti kutoka Dar, Placidia, kuangalia lile pango chini ya migomba yangu. Anatafuta nini? Mwenyekiti hajui, anadhani popo. Sasa mgeni aingie shimo lenye tandu? Aumwe, watu waseme Mama Dusabe hajui kupokea mgeni? Thubutu!

Nimebeba majivu ya jikoni, debe zima, nikamwaga kila ufa. Nikafukiza pilipili kavu mpaka nikatoka nalia. Mlangoni nikatandika nyasi mbichi, kama tunavyotandika sebuleni. Safi kabisa!

Jumatano, 12 Machi

Ole wangu. Alikuja kwa ajili ya tandu!

Tandu wa humo, anasema, ni weupe na hawana macho. Vizazi na vizazi gizani, wanatafuta njia kwa vipapasio virefu. Mwaka jana alipita siku moja, mimi nikiwa safarini, akawaona wakitembea. Hajui kama wako pengine popote duniani. Leo kapata mmoja tu, amekauka, majivu mwili mzima. Kamweka kiganjani. Halafu akauliza: nani huwasha moto hapa?

Nikasema Alistides. Ni kweli, yule kijana mfugaji huwasha pale mlangoni kufukuza nzi kwenye ndama. Ni kweli! Lakini ndizi za jioni nimewamwagia mbuzi. Aibu gani hii.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao. Alistides akakana — moto wake haufiki ndani, na majivu hajamwaga. Nani amsikilize? Mwenyekiti akanigeukia: Mama Dusabe, wewe ndiye jirani wa pango, umeona nini? Nikasema nilikuwa shamba la mbali, sikuona kitu. Mwongo mkubwa mimi! Alistides amekatazwa kuweka ndama pale, na masika haya hana kwingine.

Jioni mvua kubwa. Huyo hapo, amelowa chapachapa. Shikamoo mama, naomba banda la mbuzi kwa ajili ya ndama. Nikampa. Alivyonishukuru! Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumamosi, 15 Machi

Hodi. Alistides, na kibuyu cha maziwa. Anasema kwa sauti, majirani wasikie, kwamba kijiji kizima kimemtupa isipokuwa mimi. Kesho mama yake ataniombea kanisani.

Nimemjibu naja, ngoja nivae kitenge. Nimekivaa tangu alfajiri. Bado anabisha —