Miguu ya Mama Si ya Chumvi

Jumanne, Bwera. Jua kali, na mimi nimekasirika tangu asubuhi.

Mama anakata chumvi ziwani Katwe tangu tulipokimbia kutoka Butembo, Kongo, kuja Uganda. Wanaosimama kwenye maji yale huvimba miguu, kwa hiyo yake ilipovimba hatukushangaa. Tuliogopa aliposhindwa kulala chali, akawa anahema hata akiwa amekaa. Kila nilipompeleka hospitali Kasese, daktari yule yule alitazama miguu, akauliza kazi yake, akatoa dawa ya kupaka. Moyo hakuwahi kuusikiliza.

Leo tukiwa tena kwenye benchi la hospitali hiyo akaingia mzungu mzee, mwenye hoteli ya watalii karibu na Kikorongo. Miguu imevimba, anahema, sawasawa na mama. Daktari alimpokea mlangoni, akampima moyo kwa mashine papo hapo, akawapigia simu madaktari wa moyo Kampala. Kabla ya adhuhuri gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka naye, akawekewe kifaa cha kusaidia moyo.

Daktari mwenyewe ni mweusi kama mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilikataa kutoka mpaka ampime mama kwa mashine ile ile. Akapima huku amenuna. Moyo umepanuka, umechoka. Akaandika vidonge vya kupunguza maji mwilini, akasema mama apunguze chumvi. Mama, mkata chumvi! Nikamwomba awapigie simu Kampala kwa ajili yake pia. Akacheka.

"Nyabo, bibi yangu, hiyo matibabu ni ya wale. Nyinyi mutaiweza wapi?"

Hakuuliza tuna nini. Hakuuliza kama tuna shamba Mubuku, kama nina kaka, kama kanisa lingetuchangia. Alitutazama ngozi na vitenge vyetu, akaamua.

Nilitaka kuandika hapa kwamba simchukii yule mzungu, maana hakutukosea kitu. Uongo. Leo namchukia naye pia.

Sasa tuko nyumbani, mama ameegemea mito, anavuta pumzi kwa shida. Asipofika kwa madaktari wa moyo, sidhani kama tutakula naye Krismasi. Ananitazama ninavyobonyeza simu kwa hasira, anajua naandika nini.

"Mutoto yangu, usigombane na munganga. Tutamuhitaji tena."

Hofu hiyo ndiyo wanayoitegemea.

Kesho nitagombana naye.