Daftari la Bibi na Sanduku la Msikiti

Jumapili, 16 Februari
Chuoni asubuhi. Nimefundisha somo la kuanguka kwa Granada, mji wa mwisho wa Waislamu Uhispania. Wanafunzi wanapenda makasri na mabustani, habari za kushindwa hawazitaki. Alasiri nyumbani, daftari la bibi mzaa mama, kama kawaida. Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena hakutia irabu. Mimi nataja herufi, mama anazigeuza maneno. Sukari imemla macho, masikio bado mazima. Kurasa mbili kwa siku. Tumefika pale bibi anapofunga mizigo kuondoka Unguja, mwaka wa mapinduzi. Mama alikuja Maskati ana miaka tisa. Mdogo wake Seif, wa miaka mitatu, aliachwa. Kwa nini, bibi alikufa hajasema. Ndilo analolitafuta mama humo. Nilitaka kuchungulia mbele, akakataa. "Usiruke. Nna haki ya kufika kwa miguu yangu."

Jumanne, 18 Februari
Somo la Wamorisko, Waislamu waliobatizwa kwa nguvu baada ya Wahispania kushinda. Waliahidiwa kubaki na dini yao, ahadi ikavunjwa. Vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto. Wao wakaandika Kihispania chao kwa herufi za Kiarabu, wakavificha vitabu ndani ya kuta. Mwishowe wakafukuzwa, na wengine wakanyang'anywa watoto wadogo kabla ya kupanda vyombo. Mwanafunzi mmoja akauliza, wazazi walipandaje? Nikageukia ubao. Nilikuwa namfikiria Seif.
Nikawahutubia juu ya kuhifadhi maandishi. Maneno mazuri kweli. Daftari la bibi sijalipiga hata picha moja. Mganga hajigangi.

Jumatano, 19 Februari
Usafi wa kabla ya Ramadhani. Mercy, dada wa Kenya anayetusaidia kazi za nyumbani, kapangua makabati yote. Mama kalala mapema. Hatukusoma.

Alhamisi, 20 Februari
Daftari halipo. Nimegeuza mpaka magodoro. Mwisho Mercy kaniambia, "Madam, si ulisema kitu yoyote iko na Kiarabu nisitupe kwa taka? Nilipeleka jana kwa ile boksi ya msikiti."
Nilisema. Mwaka jana, kidole juu. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani, hutiwa sanduku la msikitini. Yeye Mkristo, atajuaje lipi msahafu na lipi daftari la bibi? Kaliheshimu. Kalifuta vumbi na kulifunga kitambaa safi.
Nimemfokea mpaka akalia. Nimekimbia msikitini. Sanduku limemwagwa asubuhi, kila kitu kimepelekwa kiwandani Rusayl, nje ya mji, kusagwa.

Ijumaa, 21 Februari
Rusayl wamefunga kwa mapumziko ya wiki mpaka Jumapili. Nimemdanganya mama kwamba hatusomi kwa kuwa nasahihisha mitihani.

Jumapili, 23 Februari
Rusayl. Banda kubwa, mashine moja, magunia yamepangwa hadi darini. Msimamizi mpole, kanionyesha mwenyewe. Karatasi zinatoka nyembamba kama tambi. Alhamisi ile ile walizisaga, na kabla ya kuwasha mashine walisoma bismillahi. Kule Granada walichoma kwa chuki, sisi tumesaga kwa adabu. Kilichobaki ni kile kile.
Nimetia mikono guniani mpaka viwiko. Vipande vya aya, vipande vya vitabu vya madrasa. Mwandiko wa bibi sikuuona. Msimamizi kaniletea maji, kaniambia nikae chini. Simlaumu Mercy wala simlaumu mtu wa msikiti aliyelimwaga sanduku. Mimi ndiye niliyekuwa na simu pembeni kila alasiri. Mjinga mwenye shahada.

Jumatatu, 24 Februari
Nimemwambia mama. Yote, hata kumfokea Mercy. Akasema alhamdulillahi, maana ukurasa wa Seif alikuwa anauogopa. Sikumwamini. Machozi yalikuwa yanamteremka huku anaongea.
Mercy alileta chai. Mama akampapasa mkono, akamwambia, "Hukukosa, mwanangu." Mimi hakuniambia hivyo.
Alasiri alikaa kwenye kiti chake, kichwa kakiinamishia upande wangu, kama siku zote.
"Na saa hii ya kusoma sasa tutaifanya nini?"
Tumekaa hivyo hivyo mpaka adhana ya magharibi.